Mkutano wa Wazazi Shuleni ni Kinga ya Mtoto

Shule ikikuita mkutanoni, usidhani unaitwa kutoa mchango tu. Mwalimu anamwona mtoto wako darasani. Wewe unamwona nyumbani. Mkizungumza, mtajua kinachomsumbua.

Muulize mwalimu mambo matatu:

1. Je, mtoto anasinzia darasani? Huenda ana njaa au amepungukiwa damu. Malaria na minyoo hupunguza damu. Mpe uji kabla hajaondoka nyumbani. Mpeleke zahanati akapimwe.

2. Je, anaona ubao na kusikia vizuri? Mtoto asiyeona vizuri huitwa mjinga bure. Mwalimu amketishe mbele, nawe umpeleke akapimwe macho na masikio.

3. Je, anafika shuleni kila siku? Mtoto aliyependa shule akianza kuikataa ghafla, usimchape. Kaa naye faraghani, umwulize kwa upole. Huenda kuna mtu anayemtisha au kumchezea mwili. Akikuambia, mwamini. Kama amenajisiwa, usimwogeshe kwanza. Mpeleke hospitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla saa 72 hazijapita. Hapa Tanzania, simu ya kusaidia watoto ni 116. Hupigwa bure.

Kila jioni mtoto akusomee daftari lake. Wewe msomee gazeti hili. Mtajifunza pamoja.

Zungumzeni darasani: Njia ya kwenda shule kijijini kwenu ina hatari gani? Nani atawasindikiza watoto wadogo?