Somo: Kukodi Mahali pa Kazi kwa Pamoja

Ndugu wanavikundi, katika miji mikubwa wengi hawakodi ofisi nzima, hukodi meza tu. Kodi na stima wanagawana, na jirani wa meza husaidia kazi ikikwama. Ni jambo zuri, lakini lina mtego.

Kampuni ya WeWork ilianza New York mwaka 2010. Ilikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi, ikakodisha meza kwa mwezi. Korona ilipoingia 2020 wapangaji wengi waliondoka, kodi ikabaki pale pale. Novemba 2023 ikakimbilia korti kwa sababu ya madeni.

Basi kabla hatujaweka sahihi ya chumba sokoni, tuulizane: wanachama wakibaki nusu, kodi italipwa na nani?