Mtumishi Agawaye Chakula

Kila Dominika tunaposali Kanuni ya Imani twakiri kwamba Bwana wetu Yesu Kristu atarudi kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Hakuna Mkatoliki awezaye kulikana fundisho hilo. Swali ni hili: tumngojeje?

Swali hili lahusu uhai wa watu. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, zikiwamo za watoto wengi. Wako wazazi waliowanyima watoto wao chakula, wakidhani kwamba wanamtii Mungu. Tusiwatukane, tuwaombee marehemu. Lakini tujiulize kama sisi wenyewe twajua alivyofundisha Bwana.

Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 24, Bwana atuambia kwamba siku ile hawaijui hata malaika. Kisha asimulia habari za mtumishi aliyewekwa juu ya watu wa nyumba ya bwana wake. Kazi yake ni nini? Kuwapa chakula kwa wakati wake. Mwenye heri ni yule atakayekutwa katika kazi hiyo. Tazameni, basi: hakutwi mlangoni akihesabu siku, wala hakimbilii msituni. Akutwa na upawa mkononi, akiwalisha aliokabidhiwa.

Wakristu wa kwanza wa Thesalonike nao walitaharuki kwa habari za siku ya Bwana, na baadhi yao wakaacha kazi. Mtume Paulo, ambaye mwenyewe alishona mahema ili asimlemee mtu, aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula jasho lao.

Utakatifu wa kungoja, basi, huanzia nyumbani. Baba auzaye mazao na fedha ikaishia pombeni kabla ya kufika jikoni, huyo hamngoji Bwana, hata akivaa rozari shingoni. Mwenye deni alipe. Aliyenuniana na ndugu yake amwendee leo, kabla jua halijatua. Mwenye dhambi ya mauti asingoje Pasaka, bali aende kuungama Jumamosi hii. Na jioni, jamaa wakiisha kupiga magoti pamoja, kila mmoja aulize moyo wake: je, kati ya wale niliokabidhiwa, yuko aliyelala na njaa leo? Njaa ya ugali, njaa ya neno la upole, au njaa ya mafundisho ya dini ambayo mimi mzazi sikumpa?

Bwana hakutufunulia siku, ametuonyesha kazi. Ajapo usiku wa manane au alfajiri, na atukute tukigawa chakula.