Singida hadi Unguja na Mtoto Mchanga: Chagua Vifaa kwa Kuangalia Njia

Mzazi anayetoka Singida mjini kwenda Unguja husafiri karibu kilomita 700 hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari kwa boti ya mwendo kasi kwa muda unaokaribia saa mbili. Anayekwenda Bukoba kwa meli hupita Nzega na Shinyanga hadi Mwanza, halafu hulala melini usiku kucha juu ya Ziwa Victoria. Safari hizi zina vumbi, jua, ngazi, msongamano na mawimbi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kigari cha mtoto, pitia njia yako kichwani kuanzia mlangoni kwako hadi utakapofikia. Vifaa vitakavyokufaa vitatokana na njia hiyo.

Mbeleko iwe ya kwanza

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbeleko hupanda ngazi za meli, hupenya katikati ya watu stendi na haihitaji nafasi kwenye buti la basi. Hata ukinunua kigari kizuri, usiiache nyumbani.

Chagua kitambaa cha pamba kisichoteleza, kipana cha kutosha kumshika mtoto kuanzia nyuma ya magoti hadi mabegani. Kanga au kitenge kizito hufaa, mradi hakijachakaa. Kivute kwa nguvu mikononi kabla ya safari; kama nyuzi zinaachia, tafuta kingine.

Namna ya kumbeba ni muhimu kama kitambaa chenyewe. Miguu ya mtoto ipanuke na magoti yawe juu kidogo ya makalio, kwani mkao huo hulinda nyonga zake. Asiyeweza bado kukaza shingo abebwe kifuani, kichwa kikiwa kimeegemezwa vizuri. Uso wake uonekane muda wote, pua na mdomo visifunikwe, na kidevu kisigandamane na kifua, maana njia yake ya hewa ni nyembamba na huziba upesi. Vumbi au upepo wa Singida ukizidi, upe upepo mgongo badala ya kumfunika uso.

Kigari cha kuhimili njia zetu

Kigari kina faida kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwa mzazi mwenye maumivu ya mgongo, na kwa mtoto aliyeanza kuwa mzito. Hata hivyo, vigari vingi vimetengenezwa kwa sakafu laini, na magurudumu yake madogo hukwama kwenye mchanga na changarawe. Tafuta magurudumu makubwa ya mpira mgumu. Yale ya kujazwa upepo hupita vizuri kwenye mashimo, lakini miiba ya migunga huyatoboa.

Kabla ya kulipa, iwe dukani au kwenye mitumba, kagua mambo haya:

- Mgongo wa kigari ulale bapa kwa mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Kigari cha kukaa tu kimsubiri hadi akae bila kuegemezwa.
- Mikanda ipite mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na kifungo chake kisifunguke kwa kuvutwa.
- Breki ikikanyagwa, kigari kisisogee hata kikiwa kwenye mteremko.
- Kifuli cha kukunjia kikaze. Kikilegea, kigari kinaweza kujikunja na kumbana mtoto vidole.
- Uzito uwe ule unaoweza kuuinua kwa mkono mmoja ukiwa umembeba mtoto kwa mwingine.

Mwombe muuzaji akuruhusu uweke mfuko wa unga wa kilo tano ndani ya kigari, ukipandishe kwenye kizingiti na ukishushe. Kisha kikunje na kukikunjua mwenyewe. Kikikushinda ukiwa umetulia dukani, kitakushinda zaidi alfajiri stendi, kondakta akihimiza watu wapande.

Usitundike mizigo kwenye mpini; mtoto akitolewa, kigari huanguka chali, na wakati mwingine huanguka yeye akiwamo. Usikifunike kwa kanga kuzuia jua, kwa sababu hewa ya ndani hupata joto haraka. Tumia kivuli chake cha juu, kofia, au hamia kwenye mti.

Barabarani na kwenye treni

Kigari hakichukui nafasi ya kiti cha usalama cha gari. Kwenye gari binafsi, mtoto mchanga akae kwenye kiti chake maalumu kinachotazama nyuma, kifungwe siti ya nyuma, na kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Ndani ya basi, mtoe mtoto mgongoni kabla ya kuketi, la sivyo atabanwa kati yako na siti. Chagua siti ya katikati ya basi. Mkanda ukufunge wewe peke yako, naye umkumbatie mbele ya mkanda; mkanda mmoja ukiwazunguka nyote wawili, breki ya ghafla itamfanya akandamizwe na uzito wako. Kigari kikunjwe na kiwekwe kwenye buti.

Anayeweza kuunganisha safari Dodoma ana nafuu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR hubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na ndani yake kuna choo na nafasi ya kusimama na mtoto. Safari ya basi hubaki kama kilomita 240 tu.

Kutoka nyumbani hadi stendi, panda bajaji au teksi. Bodaboda ya mishikaki, mtoto akiwa amebanwa kati ya watu wazima wawili, ni hatari isiyostahili nauli inayookolewa.

Melini na botini

Taifa letu limelia mara nyingi kwa sababu ya vyombo vya majini. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Spice Islander Septemba 10, 2011, zote zikiwa zimejaza watu kupita kiasi. Ukiona chombo kimefurika, usipande. Nauli hutafutwa tena.

Kabla ya kuondoka, muulize mhudumu kama kuna jaketi la kuokoa maisha la saizi ya mtoto wako na liko wapi. Jaketi huchaguliwa kwa uzito wa mwili. La mtoto mdogo liwe na kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. La mtu mzima humvuka likaelea peke yake.

Boti inapotembea, mshike mtoto mikononi na mbeleko ifunguliwe. Aliyefungwa mgongoni anaweza kubaki chini ya maji hata kama mama anaelea. Kunja kigari mapema na usimwache mtoto ndani yake sitahani, kwa maana chombo kikiinama, breki haitoshi. Keti katikati ya chombo, sakafu ya chini, ambako mawimbi hayasikiki sana. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Watoto wachanga hawasumbuliwi sana na kichefuchefu cha bahari, ila mama aweza kuzidiwa, hivyo ni vyema asafiri na mtu wa kumpokea mtoto. Anayenyonyesha asinywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kuuliza kituo cha afya.

Begi la mtoto

Hesabu nepi au pampasi moja kwa kila saa tatu, kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya kuharibikiwa njiani. Weka nguo mbili za kubadilisha, moja nyepesi kwa joto la Pwani na moja nzito kwa baridi ya Singida ya Juni na Julai. Beba sabuni, kadi ya kliniki, paketi za ORS na chandarua chenye dawa, kwa sababu malaria ni tishio kubwa zaidi Kanda ya Ziwa kuliko Singida.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa hata basi likiwa na joto kali. Maziwa ya mama yanamtosha, ilimradi mama mwenyewe anywe maji ya kutosha na amnyonyeshe mara kwa mara.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua kitambaa imara cha mbeleko, na kinachobaki ongeza kwenye nauli ya usafiri ulio salama. Kigari kinaweza kusubiri. Usalama wa mtoto hausubiri.