Kidonda Kimefunga, Damu Bado Inasema

Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mvuvi wa Pangani hukiona, akakipaka dawa ya majani, na baada ya wiki 3 hadi 6 kikafunga. Pengine jirani atamwambia lilikuwa tego, na limekwisha. Kumbe bakteria, wembamba kama uzi uliosokotwa, wamekwisha kusambaa mwilini.

Mwili nao haukulala. Kuelekea mwisho wa wiki ya 2 tangu maambukizi hutoa kingamwili za mwanzo. Kwenye wiki ya 4 hivi hufuata zile zinazokaa muda mrefu. Aliyepima siku chache tu baada ya tendo la hatari na kuambiwa hana kitu anapaswa kurudi, kwa sababu damu yake ilikuwa haijapata la kusema.

Kingamwili hufika kileleni katika hatua ya pili, vipele vinapojitokeza hata viganjani na kwenye nyayo. Kwa kipimo kiitwacho RPR, maabara huzimua majimaji ya damu mara 2, mara 4, mara 8, hadi kingamwili zisionekane tena. Jibu la 1:32 ni kubwa kuliko 1:4.

Kisha vipele hupotea, na RPR huweza kushuka hata bila tiba. Huu ndio mtego mkubwa. Bakteria bado wapo, na miaka 10 hadi 30 baadaye wanaweza kuharibu moyo au ubongo. Kingamwili hizo, hata zikiwa nyingi, haziwamalizi, wala hazimlindi aliyetibiwa asiambukizwe tena.

Kwa mjamzito, gharama huangukia mtoto. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye RPR ya juu ambao hawakutibiwa, robo walijifungua watoto wafu. Kwa wasio na kaswende ilikuwa takriban 1 kati ya 100. Sindano ya benzathini penisilini humtibu mama pamoja na mtoto aliye tumboni, na mume hutibiwa pia.

Baada ya tiba, RPR ya 1:32 hutarajiwa kushuka hadi 1:8 au chini zaidi. Lakini kipimo cha haraka cha kliniki, cha tone la damu ya kidoleni, hutafuta kingamwili nyingine, ambazo mara nyingi hubaki maisha yote. Kadi yenye tarehe ya sindano na namba ya RPR ni ya kutunzwa kama hati ya shamba.

Kuna pia buba, ugonjwa wa ngozi wa utotoni uliokuwa umeenea Tanganyika. Bakteria wake ni ndugu wa karibu mno wa wale wa kaswende, na vipimo vya damu haviwatofautishi. Bibi wa Tanga aliyeugua buba akiwa mtoto anaweza kukutwa na kingamwili hizo uzeeni, bila yeye wala marehemu mumewe kukosa uaminifu. Mhudumu makini humuuliza kwanza kuhusu makovu ya buba miguuni.