Tuyajue Maua ya Manjano

Katika nyua zetu imo miti midogo miwili yenye maua ya manjano, nasi mara nyingi huichanganya. Tuitofautishe. Tekoma ina majani yenye meno kama msumeno, na maganda marefu membamba. Oleanda ya manjano ina majani membamba yanayong'aa, utomvu mweupe kama maziwa, na tunda la kijani lenye kokwa ngumu. Huu wa pili una sumu kila sehemu, hasa mbegu. Huvuruga mapigo ya moyo. Mtoto akila hata mbegu moja, tusimtapishe wala tusingoje augue. Tumpeleke hospitali mara moja, tukichukua tawi na tunda, ili mganga ajue alichokula.