Nimemuuguza mama mkwe, sasa nataka iwe kazi

Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa chekechea katika shule ya binafsi hapa Mombasa, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mama mkwe alipopata kiharusi nilimuuguza miaka miwili hadi Mungu alipomchukua. Tangu hapo nataka kuacha kufundisha niwe mhudumu wa wazee majumbani. Ajenti mmoja anasema nikilipa laki tatu na nusu atanipeleka Uingereza kwa kazi hiyo. Mume wangu naye anasema nitajishusha. Nifanyeje?
Mwalimu, Changamwe

Marahaba mwanangu. Nianze na ajenti, kwani ndiye mwenye haraka. Usimpe hata shilingi. Uingereza iliwafungulia wahudumu wa wazee viza Februari 2022, Machi 2024 ikawakataza wapya kwenda na mume au watoto, na tarehe 22 Julai 2025 ikaacha kabisa kuwachukua kutoka nje. Anayekuuzia safari hiyo leo anakuuzia hewa. Kesho akikutajia nchi nyingine, tazama kwanza kama kampuni yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kazi yenyewe hata hivyo ni nzuri, na ipo papa hapa. Ila kumuuguza wako si kumuuguza wa mwenzio. Mama mkwe akikataa uji ulimtania akacheka. Mzee wa watu akikataa, unaandika daftarini na kumpigia binti yake aliye Dubai, naye atakuuliza ulimpa saa ngapi. Dawa humpunguzii wala humwongezei kwa huruma yako. Mwenye kupoteza kumbukumbu atakuita mwizi asubuhi, jioni akushike mkono hataki uondoke.

Halafu kuna mgongo wako. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo visigino, nyonga na makalio hufanya vidonda. Kwa mama mkwe nadhani mlikuwa wawili watatu wa kumwinua. Kwa mgeni utakuwa peke yako, na mpira wa mkojo, na daipa. Jifunze kuinua mtu kwa aliyesomea, usibahatishe.

Chekechea imekupa subira ya kurudia jambo mara kumi bila kumwaibisha mtu. Lakini sauti ile ya darasani iache shuleni. Mzee si mtoto, hata kama unamlisha kwa kijiko.

Kuhusu mumeo: marehemu baba yangu aliuguzwa na kijana aliyekuwa utingo wa matatu, na sikumsikia mtu akimwita wa chini siku alipokuwa akimnyoa mzee wetu ndevu. Nashuku mumeo haogopi cheo, anaogopa usiku. Familia nyingi hutaka mhudumu anayelala humo humo. Mwambie wazi kama utafanya ya mchana tu, uone kama neno "kujishusha" litarudi.

Ukipata nyumba, dai maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na inakupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wapo watakaokwambia, "Wewe ni wa nyumbani, karatasi ya nini?" Hao ndio wa kuandikiana nao kwanza.

Usiache kazi bado. Soma huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu, kisha likizo ya Agosti utafute mgonjwa mmoja wa mchana, asiye jamaa yako, ukae naye mpaka shule zifunguliwe. Baada ya hapo niandikie tena, kabla hujampelekea mwalimu mkuu barua.