Jua Dirishani: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Ofisi Dar es Salaam

Mwongozo huu unawahusu wasimamizi wa ofisi, hasa wanaoamua kila siku ugomvi wa rimoti ya kiyoyozi: aliyeketi dirishani analalamika anaungua, aliye ukutani amejitanda kitenge mabegani. Wote wawili wanasema kweli, na kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakiwezi kuwaamua.

Kipimajoto hicho hupima hewa. Mwili hupokea pia joto linalotoka moja kwa moja kwenye jua na kwenye vitu vya moto vilivyo karibu, kisha upepo, unyevu, mavazi na aina ya kazi huongeza au kupunguza hisia hiyo. Jua kali la mchana hushusha takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Likimtua mtu begani, humpasha yeye kabla ya kuipasha hewa. Ndiyo maana chumba husoma nyuzi 24 huku yeye akihisi joto la nyuzi kadhaa zaidi. Kushusha kiyoyozi hadi 18 kwa ajili yake ni kuwaadhibu wenzake, na jua begani pake linabaki palepale.

Anza na hatua isiyo na gharama. Pita ofisini saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, uweke alama sakafuni jua linapofika. Rudia Juni na Desemba. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana huelemea kaskazini katikati ya mwaka, kusini mwezi Desemba, na hupita utosini mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba. Meza zilizo ndani ya alama zihamishwe kabla ya kununua chochote. Nafasi hiyo ipewe makabati au njia ya kupita.

Madirisha ya kaskazini na kusini hayasumbui sana. Hata Juni, kingo ya zege yenye upana wa sentimita 70 juu ya dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2 hulitia kivuli lote wakati wa adhuhuri.

Kazi iko magharibi. Jua la alasiri huja chinichini, likapenya chini ya kingo hiyo na kukuta kuta zimekwisha kushiba joto la mchana kutwa. Hapa panatakiwa kinga ya wima iliyo nje ya kioo: mabamba yaliyosimama, ukuta wa matofali ya matundu, au mwarobaini ikiwa ofisi iko chini. Wajenzi wa zamani walilijua hili. Hospitali ya Ocean Road, ya mwaka 1897, ina varanda pana. Majengo ya vioo vitupu yamekiachia kiyoyozi kazi iliyokuwa ya kivuli.

Pazia la ndani humkinga aliyeketi, lakini joto limekwisha kuingia. Likiwa jeupe upande wa nje, hurudisha sehemu yake. Tinti nyeusi ichukuliwe kwa tahadhari: hunyonya joto, kioo kikawa cha moto na kumchoma jirani yake, na vioo vingine hupasuka. Afadhali ile inayoakisi, baada ya fundi wa vioo kuthibitisha kwamba inafaa.

Kagua pia kihisi cha kiyoyozi. Kikipigwa na jua, mtambo utapoza chumba kizima kwa sababu ya kona moja, kihamishwe. Jua likishazuiwa, jaribu nyuzi 26 pamoja na feni.

Malalamiko yaandikwe: saa, kiti, na kama jua lilikuwa likiwaka. Rekodi hiyo, pamoja na picha za alama za sakafuni, iambatane na ombi kwa mwenye jengo. Kinga ya nje hubadilisha sura ya jengo, kwa hiyo fundi asiitwe kabla idhini haijapatikana kwa maandishi.